Mwanafunzi wa Uganga Tunayemdai Pemba

Mwaka 1931 mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alichapisha kitabu cha safari kiitwacho Remote People. Alipofika kwenye habari za Pemba aliandika kuwa hapa ndipo makao ya elimu ya uchawi, kwamba wanagenzi hutoka mbali hadi Maziwa Makuu kuja kuhitimu, na kwamba yasemwa hata waganga wa Haiti huja mara mojamoja kutafuta siri za ndani. Maneno hayo, na mengine ya aina yake, tumeishi nayo vizazi kadhaa. Mpemba akifika Dar es Salaam akasema kwao ni Wete au Mkoani, hakosi mtu wa kumtania kuhusu uchawi, na hakosi mwengine ambaye hatanii.

Nataka tuyatazame maneno ya Waugh kwa jicho jengine. Ndani yake kuna kisiwa ambacho mtu huvuka bahari kukifuata ili asome, akapata mwalimu, akakaa muda wake, kisha akahitimu. Juu ya msingi huohuo zimejengwa riwaya za vijana zinazopendwa dunia nzima: kijana ana kipaji asichokielewa, anapelekwa kwa anayejua, anafunzwa, anakosea vibaya, anakua. Katika hadithi za wageni Pemba ishafanywa chuo. Riwaya yake yenyewe, ya Kiswahili, ya kumtia mkononi kijana wa miaka 14 wa Micheweni au Kengeja, naidai kwa waandishi wetu, na naidai kwa masharti.

Sharti la kwanza ndilo linalokosewa zaidi. Riwaya ya namna hii haihusu uchawi. Inahusu kufundishwa.

Chukua A Wizard of Earthsea ya Mmarekani Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968, ambayo kwangu ndiyo bora kupita zote za aina hii. Mchapishaji alimwomba Le Guin kitabu cha vijana, naye akajiuliza jambo ambalo wengi hawakuwa wamejiuliza: wale wachawi wa hadithi za kale, wazee wenye ndevu nyeupe, walikuwa nani kabla ya uzee? Walijifunza wapi? Jibu lake likawa dunia nzima ya visiwa, mamia ya visiwa, ambako maisha ni mashua, upepo, samaki na mbuzi. Mtoto wa Pemba akiingia humo hataona ugeni. Ged, mwana wa mhunzi wa kisiwa cha Gont, anachunga mbuzi. Anamsikia dada wa marehemu mama yake, ambaye ni mganga wa kijiji, akitamka neno na mbuzi aliyepanda paani akaruka chini, naye akaliiba neno lile bila ya kujua kulifungua. Ged si mzungu. Ngozi yake ni ya hudhurungi iliyoiva, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilipoigeuza hadithi hii kuwa filamu na kumpa nafasi ya Ged kijana wa kizungu, Le Guin aliandika waziwazi kupinga. Alijua alichokuwa amekiweka mle.

Lakini kilichomo ndani zaidi ni mwalimu. Ged anachukuliwa na Ogion, mganga mkubwa ambaye watu humwita Mkimya, mtu aliyewahi kulituliza tetemeko la ardhi. Kijana anatarajia siku ya kwanza afundishwe miujiza. Hafundishwi kitu. Wanatembea. Wanapita misituni, wanalala njiani, mwalimu hasemi. Kijana anapochoka kungoja anauliza mafunzo yataanza lini, naye anaambiwa yameshaanza. Kisha mvua inanyesha. Ogion anao uwezo wa kulisukuma wingu likanyeshe kwengine, kama wafanyavyo waganga wadogowadogo wa kisiwa kile, mmoja akimtupia mwenziwe mvua mpaka wingu likafukuzwa huku na huku. Ogion analiacha. Anajikunyata chini ya mti, analowa, analala. Ged anakasirika: uwezo una faida gani ikiwa mwenye uwezo analowa?

Riwaya nzima ni jibu la swali hilo, na linamgharimu Ged uso wake, miaka yake na karibu roho yake.

Msomaji wa visiwa hivi anaujua mkasa huu tangu chuo cha Qur'ani. Kila Ijumaa inasomwa Suratul Kahf, na ndani yake Nabii Musa anamfuata yule mja mwema ambaye wanazuoni humwita Khidhr, anamwomba amfunze alichofunzwa. Anaambiwa mapema: hutaweza kusubiri pamoja nami. Na anapewa sharti: usiniulize jambo mpaka nikueleze mwenyewe. Jahazi linatobolewa, Musa anauliza. Kijana anauawa, anauliza. Ukuta unasimamishwa bila ya ujira, anasema tena, na hapo wanaachana. Simlinganishi Nabii na mhusika wa riwaya, wala elimu ile na uganga. Nasema tu kwamba mwanafunzi asiyeweza kungoja si mgeni kwetu. Mtoto wetu amelelewa na kisa kizito kuliko vyote vya mwalimu anayejua asichokisema. Mwandishi wa Pemba anaanza na msomaji aliyekwisha kuandaliwa, na hiyo ni bahati ambayo Le Guin hakuwa nayo.

Upande wa uganga wenyewe, malighafi imejaa tele. Waganga wetu hawako namna moja. Yupo mganga wa kitabu, ambaye elimu yake ni kusoma, kupiga ramli, kutazama falaki, kuandika kombe kwa wino wa zafarani na kuliosha kwa marashi ya mawaridi mgonjwa anywe. Ramli peke yake ina maumbo 16, na mwanafunzi lazima ayajue kila moja linapokaa na jirani yake linageuka kuwa nini. Yupo mganga wa miti shamba, ambaye kijana wake huanza kwa kubeba mkoba na kutwanga, na huenda akatwanga muda mrefu kabla ya kuambiwa anachokitwanga. Na yupo fundi wa ngoma, mwenye kilinge, ambaye mashetani wenyewe ndio walimu wake, na mara nyingi aliingia kazini kwa kuugua kwanza. Hilo la mwisho naomba mwandishi alikamate kwa mikono miwili. Katika riwaya nyingi za kigeni kijana huitwa kwa barua au kwa bishara ya kuwa yeye ni mteule. Kwetu huitwa kwa ugonjwa. Anaumwa, hospitali haoni nafuu, anapelekwa kilingeni, na huko inabainika kuwa aliyemo kichwani mwake anataka kazi. Kijana hakuchagua, wala hakupewa heshima yoyote, amepewa deni. Ni mwanzo wa riwaya wenye nguvu kuliko barua yoyote.

Tena tazama kinachofanyika kilingeni. Ubani unafukizwa, ngoma inapigwa, mwele anapandisha, na watu wote wanangoja jambo moja: aliyepanda ataje jina lake. Kabla ya jina hakuna la kufanya. Akishajitaja yeye ni nani na katoka wapi, ndipo mazungumzo huanza, anataka nini, atapewa nini, atamwacha lini huyu aliye kiti chake. Sasa rudi kwa Ged. Mafunzo yake ya baadaye, katika chuo cha waganga cha kisiwa cha Roke, ni ya majina; analala na kuamka akihifadhi majina ya kweli ya vitu, kwa sababu kitu hakiwezi kuamriwa mpaka kijulikane jina. Na adui yake mkubwa, kile kivuli alichokifungulia mlango kwa kiburi, hana jina, ndiyo maana hakuna mwalimu anayeweza kumsaidia. Kijana anakikimbia kisiwa hadi kisiwa, kisha anageuka anakifuata yeye baharini kwa mashua, na wanapokutana mwisho wa dunia analitamka jina lake, nalo ni Ged. Ni jina lake mwenyewe. Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, alifika kwa njia yake mahali ambapo fundi wa kilinge wa Pemba anasimama kila usiku wa ngoma. Jambo hili limenikaa moyoni tangu niisome riwaya ile, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Kivuli kile kilitokaje? Kwa majivuno ya vijana wawili. Mwenziwe mwenye nasaba kubwa alimdharau, Ged akataka kumwonesha, akamwita mfu kutoka ahera mbele ya wanafunzi wenzake. Akatokea, na nyuma yake kikapenya kitu chengine kikamrarua uso. Mwalimu mkuu wa chuo alitumia nguvu zake zote kuuziba ule ufa, na akafa. Kuanzia hapo Ged si kijana hodari tena. Ni kijana aliyemuua mwalimu wake bila ya kumgusa. Baadaye, akiwa mganga wa wavuvi masikini, anafanya urafiki na fundi wa mashua, wanabadilishana elimu, huyu anafunza kuunda na kuendesha chombo, yule anatia kinga katika mbao. Mtoto wa fundi anaumwa. Ged anajaribu kumrudisha akiwa kesha kwenda mbali mno, na hawezi. Naziweka kurasa hizo juu ya mapigano yote na majoka yote ya kitabu kile. Uganga unafika mpaka wake, na mpaka huo una jina la mtoto.

Sharti la pili linatokana na hapo: uchawi uwe na bei, na bei ailipe mwenyewe aliyeutumia. Hadithi zetu za mitaani zinakosea hapa. Mganga anachoma ubani, adui anaanguka, pesa zinamwagika, kijana hajapoteza kitu. Au kinyume chake: mganga ni tapeli mwenye macho mekundu, anakamatwa mwisho wa hadithi. Mzee mwenye mkoba hapewi nafasi ya kuwa mwalimu, na kijana wake hapewi nafasi ya kuwa na dhamiri.

Bei tunaijua kwa jina lake la kutisha, na hadithi za bibi zetu zimeitaja wazi. Giningi, mji wa wachawi usioonekana, mtu haingii kwa mikono mitupu. Kiingilio ni damu ya wa nyumbani kwake. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, aliichukua Giningi hiyo akaijenga upya katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, Bi Kirembwe akitawala na watu wamelishwa unga wa ndere wakatii bila ya kufikiri. Aliigeuza hadithi ya kutishia watoto ikawa uchambuzi wa utawala. Katika Babu Alipofufuka, mwaka 2001, akamrudisha marehemu kumhoji mjukuu wake aliye mkubwa serikalini. Njia basi imeshafyekwa, na aliyeifyeka ni mtu wetu. Ila vitabu hivyo ni vya watu wazima, na kijana hukutana navyo, akikutana, kama kazi ya mtihani. Hajaandikiwa yeye, kwa umri wake, kwa hofu zake za kuachwa na kuchekwa na kutaka kuonekana.

Pia upo urithi mwengine ambao mtu angedhani ni adui wa riwaya ninayoidai. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960, aliiweka maiti mzimuni, akaacha kijiji kizima kiamini kuwa mizimu imefanya kazi yake, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake kuthibitisha kuwa muuaji ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Riwaya ya upelelezi ya Zanzibar ilizaliwa hivyo, kwa kutilia shaka. Shaka hiyo isitupwe. Mwanafunzi wa uganga atakayenivutia ni yule anayeuliza: huyu aliyeanguka kapandisha kweli au anaigiza? Dawa hii inaponesha, au mgonjwa alikuwa akipona mwenyewe? Na mwalimu wa kweli atakuwa wa kwanza kumfunza kumtambua tapeli. Kijana anayeamini kila kitu hana la kujifunza, na riwaya yake itakwisha ukurasa wa 20.

Sharti la tatu ni pale ninapogombana na Le Guin. Katika kitabu chake cha mwanzo chuo cha Roke ni cha wanaume watupu, na watu wa Gont wana msemo wa kuubeza uganga wa wanawake kuwa ni dhaifu na ni muovu. Yule mwanamke aliyemfunza Ged maneno yake ya kwanza anaachwa nyuma kama mtu mjinga. Le Guin mwenyewe alikuja kuliona hilo, na katika Tehanu ya mwaka 1990 akaigeuza dunia yake ndani nje ili isimuliwe kwa macho ya mwanamke. Lakini mwandishi wa Zanzibar hana haja ya kusubiri miaka 22 kusahihisha. Nenda kwenye ngoma ya kibuki, ambayo mashetani wake husemwa wametoka Bukini, yaani Madagaska, uone waliojaa ni akina nani na wenye amri ni akina nani. Kungwi wa unyago, mkunga wa jadi, bibi mwenye kujua jani la homa na jani la mtoto asiyelala: elimu nyingi ya siri katika visiwa hivi imepita kwa wanawake. Basi mwalimu wa riwaya hii awe mwanamke mzee, na mwanafunzi awe msichana. Tena asiwe mpole.

Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ametuonesha inawezekana. Katika Akata Witch ya mwaka 2011 msichana wa miaka 12, Sunny, ana ualbino na anaishi Aba. Anagundua kuwa yeye ni wa jamii ya wenye uwezo, na anafunzwa kwa kutumia nsibidi, maandishi ya kale ya kweli ya kusini mashariki mwa Nigeria. Kila anapojifunza kitu, fedha za chuma huanguka kutoka hewani. Katika dunia ile utajiri unapatikana kwa kuelimika tu. Na adui ni mtu anayeteka watoto kwa ajili ya kafara. Katika nchi yetu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za utajiri wa haraka, msichana kama Sunny kuwa ndiye mwenye elimu, ndiye anayemkabili muuaji, ni jambo ambalo semina haiwezi kulifanya. Kijana akishamfuata mhusika kurasa 300 akamwogopea na kumpenda, hawezi tena kumtazama mwenziwe mwenye ualbino kama kiungo cha dawa.

Nayasema haya nikijua maalim wangu wengi hawatoridhika. Sihiri ni haramu, watasema, na kijana asipendezeshewe haramu. Pingamizi hili nalipa uzito wake wote, kwa sababu nami naamini kama wao. Lakini hata Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 102, inapotaja watu kufundishwa sihiri na Haruta na Maruta kule Babil, inasema wawili hao hawakumfunza yeyote mpaka wamwambie: sisi ni mtihani tu, basi usikufuru. Onyo limetangulia somo. Kisha aya inataja walichojifunza wale watu, cha kumtenga mtu na mkewe, chenye kuwadhuru na kisichowafaa. Riwaya inayomweka msichana mbele ya mtihani huo, akaonywa, akachagua, akalipa, haimtangazii mtu sihiri. Inayofaa kuogopwa ni ile inayouonesha uchawi hauna mtihani ndani yake.

Na wako watakaosema tutazidi kuipaka Pemba matope. Hawa nawaelewa zaidi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurejeshwa, hofu ya Popobawa, shetani anayesemwa huwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi, wakakesha wakiota moto. Magazeti ya nje yamelitafuna jambo lile mpaka leo kama kichekesho. Hakuna ndani ya vichekesho hivyo mtoto aliyelala uani kati ya mama na shangazi akisikiliza kila bati linalolia, akijiuliza watu wazima wanaogopa nini hasa mwaka huu. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima na huenda ana kalamu. Yeye akiandika, msomaji wa bara atakutana na nyumba yenye watu badala ya kisiwa cha wachawi.

Mandhari hayahitaji kubuniwa sana. Magofu ya Pujini yapo, ngome ya Mkama Ndume, ambaye masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe wakijiburura kwa makalio, na kisima chake kikagawanywa kwa ukuta ili wake zake wasionane. Ipo Ras Mkumbuu na makaburi yake. Zipo karafuu zinazoanikwa kwenye majamvi, ambazo harufu yake msimu wa mavuno huingia hata kwenye sare za skuli. Mwandishi asiviweke kama mtembeza watalii. Kisima chenye ukuta katikati kinafaa kuwa mtihani wa mwanafunzi: upande huu umeteka wewe, upande wa pili nani?

Kwa wahariri nina ombi moja, nalo nalikazania. Bibi yule mwalimu atakapozungumza, azungumze Kipemba. Asimulie, akemee, achanje dawa na aapize kwa Kipemba, na msichana amjibu kwa Kiswahili cha skuli mpaka atakapoanza kuijua kazi, na lugha yake nayo ianze kugeuka. Msomaji wa Morogoro au Mombasa atapapasa kidogo kurasa za mwanzo. Mwacheni apapase, kwani naye ni mwanafunzi. Msiweke faharasa nyuma ya kitabu.